Ukurasa wa Sitini na Moja

Kazini walimwita Profesa. Jina hilo lilimpendeza na kumbana kwa pamoja, kama kiatu kizuri cha namba ndogo. Alikuwa dada mwenye miwani minene, alitembea na kitabu kwapani, na katika kituo kizima cha redio hakukuwa na mwingine aliyesifika kwa kusoma.

Mtangazaji wa kipindi cha asubuhi, bwana mwenye sauti nzito ambaye mji mzima ulimwita Jogoo kwa kuwa ndiye aliyeuamsha, hakuwa na muda wa vitabu. Alikuwa na muda wa kadi. Kila siku alfajiri alizikuta mezani zimepangwa: za njano zina maswali ya mgeni wa siku, nyeupe zina uchambuzi wa kitabu. Profesa aliandika, Jogoo akasema, na watu wakanywa chai yao huku wakitikisa vichwa: "Huyu bwana kasoma, jamani!"

Wageni walikuwa watano kwa wiki. Kitabu kilichambuliwa Jumanne, kisha mwenye kitabu akaletwa Ijumaa ajibu mwenyewe. "Jumanne tunapika, Ijumaa tunapakua," Jogoo alikuwa akisema. Na ili watu wasisahau chungu kiko jikoni, sentensi moja kali ya Jumanne ilikatwa na kupigwa kila saa hadi Ijumaa. Waliiita kionjo. Aliyekikata kionjo ni fundi mitambo, kijana mwembamba waliyempachika jina la Waya. Aliyekichagua ni Profesa.

Siri yake ilikuwa moja tu, ila ilimtosha: siku hizi hakuwa akisoma vitabu. Chuo kikuu alisoma mpaka wenzake wa bwenini walimfichia taa. Mwaka wa kwanza pale redioni alimaliza kila kitabu, na pembezoni aliandika kwa penseli. Halafu wageni wakazidi, vitabu vikapangana mezani kama matofali, naye akagundua njia ya mkato aliyoiita kichwa na mkia. Alisoma sura ya kwanza, sura ya mwisho, na maneno ya jalada la nyuma. Samaki, alijiambia, ukishaona kichwa na mkia huulizi tena kama ni kuku. Kwa mwaka mzima hakuna aliyemshika.

Kitabu cha wiki hii kiliitwa *Saa za Watu Wengine*. Kiliandikwa na fundi saa mstaafu aliyekaa miaka arobaini ndani ya duka lenye upana wa kabati. Kilikuwa na kurasa mia moja na arobaini, za herufi kubwa, kitabu cha mchana mmoja tu. Hilo ndilo lililomchoma baadaye. Jumapili alikuwa na mchana mmoja, akaulala.

Katika sura ya kwanza fundi alimchongea binti yake kiti kifupi ili akae kando ya meza ya kazi na kumkabidhi bisibisi. Katika sura ya mwisho alifunga duka, akataja kimoja kimoja alichobeba kwenda nyumbani: koleo tisa, lenzi ya jichoni, nyundo ndogo, droo ya springi. Kiti hakikutajwa. Binti hakutajwa. Profesa akakaa wima. Amepata! Akaandika kwenye kadi nyeupe: "Fundi huyu anamchongea binti yake kiti kwenye ukurasa wa nane, kisha anamsahau juu ya kiti hicho. Saa za watu wengine zote kazikumbuka. Mtoto wake mwenyewe kamsahau."

Aliipenda sentensi ile. Aliisoma kwa sauti mara mbili peke yake chumbani, na mara ya pili alitabasamu.

Jumanne saa mbili na nusu asubuhi Jogoo akaisoma hewani. Alituliza sauti mahali pa kutulia, akaipandisha mahali pa kupandisha, halafu akaongeza lake, lisilokuwa kwenye kadi: "Haya baba, Ijumaa uje na majibu. Na kile kiti uje nacho!" Nyuma ya kioo Waya alicheka mpaka akashika mbavu. Profesa naye alicheka, akiangalia chini, kama mtu anayesifiwa mbele za watu.

Kipindi kilipokwisha, dada wa mapokezi alimwita kwa kidole.

"Kuna mama kapiga simu."

"Katukana?"

"Angetukana ningeandika? Hawa wa kutukana siku hizi nawawekea simu mezani wanaongea na ukuta. Huyu alisema taratibu, nikaona haya." Akamsogezea karatasi. Ilikuwa na namba ya simu, na chini yake: *Muulizeni aliyechambua kitabu kama alifika ukurasa wa sitini na moja.*

Profesa alikunja karatasi mara mbili, kisha mara ya tatu. Alikwenda chumba cha kanda za zamani, ambako huwa hakuingii mtu, akakaa juu ya sanduku. Kitabu kilikuwa kipya hasa. Kurasa za katikati zilikuwa bado zimeshikana ukingoni, mashine haikuzikata sawasawa. Ilibidi aingize rula azitenganishe. Zilipoachana zilitoa mlio mdogo wa kuchanika, na moyo wake ukamwambia kitu kabla macho hayajasoma.

Sura ya sita iliitwa "Kiti Kifupi". Binti alikuwa na miaka tisa. Homa ilimlaza hospitalini wiki mbili. Aliomba aletewe saa ya mezani aliyokuwa akiifungua, saa ya mteja, na baba akamletea. Binti akaifungulia kitandani, misumari yake midogo ya skrubu ikapangwa juu ya shuka kwa mstari. Hakuwahi kuirudisha misumari. Baba alipotoka mazikoni alifungua duka, akasimamisha saa zote zilizokuwa ukutani, akaketi. Wateja waliingia, wakaona, wakatoka. Hakuna aliyedai saa yake kwa mwezi mzima.

Na mwisho wa sura kulikuwa na maneno haya: *Kuanzia hapa sitamtaja tena katika kitabu hiki. Mama yake ameniomba. Kasema, mwandike mara moja, mwandike vizuri, kisha umwache apumzike. Kiti kiko chumbani kwetu. Hakikuwa dukani siku ile nilipofunga, ndiyo maana hamtakiona kwenye orodha.*

Profesa alifunga kitabu. Kupitia ukuta alisikia redio ya ofisi ya jirani ikitoa ishara ya saa nne, kisha sauti ya Jogoo, nzito na tamu: "Anamchongea binti yake kiti... kisha anamsahau juu ya kiti hicho." Kionjo kilikuwa kimeanza kazi.

Alikimbilia chumba cha mitambo.

"Waya, kile kionjo kitoe."

"Kitoe? Kitu kitamu kama kile? Watu wanapiga simu wanacheka."

Hapo ndipo angesema. Neno lilimfika kooni, likaona watu, likarudi. Akisema hakusoma, jina la Profesa litabaki na nini? "Sauti yake mbaya," akasema. "Inakwaruza."

Waya akamtazama kama daktari aliyeambiwa mgonjwa wake kafa kumbe anakula. "Niachie mimi, dada yangu."

Saa tano kionjo kikarudi. Waya alikuwa amekisafisha, akakiongezea sauti, na chini yake akaweka mlio wa saa: tik, tok, tik, tok. Kuanzia hapo hadi jioni kilisikika kama kimekaa sikioni. Njia ya mwongo fupi, wanasema. Ya Profesa haikufika hata mlangoni.

Nyumbani mama yake alimpokea na kicheko. Alikuwa na jirani wa kike uani, wanachagua mchele, redio iko dirishani.

"Huyu hapa mwenyewe!" mama alisema. "Si nimekwambia shoga, yale maneno ya Jogoo ni ya mwanangu? Jogoo anawika tu, anayempa mtama ni huyu."

"Kamsahau juu ya kiti!" jirani alirudia, akapiga paja. "Wanaume hawa! Na wangu angeandika kitabu, nisingekuwemo hata kwenye jalada."

"Mama, naomba uizime redio."

"Kwa nini? Saa kumi na mbili wataipiga tena."

"Kichwa kinaniuma."

Mama akamtazama kwa jicho lile la akina mama, linalopima homa bila kugusa. "Umekula?"

"Nimekula."

Hakuwa amekula. Alijifungia chumbani na kusoma kitabu chote tangu ukurasa wa kwanza, akakimaliza usiku huohuo. Kilikuwa kitabu kizuri. Kingekuwa kibaya, angalau angepata pa kujishika.

Jumatano mgeni alikuwa daktari wa meno. Profesa alimwandikia Jogoo swali moja mara mbili kwenye kadi mbili, na Jogoo, mtu wa kadi, akaliuliza mara mbili. "Nimeshasema, bwana," daktari akajibu, "mswaki ubadilishe kila baada ya miezi mitatu. Au wewe bado hujabadilisha tangu nilipojibu?" Mji ulicheka. Jogoo alitoka studio akiwa amenuna.

"Profesa, uko wapi wewe? Maana hapa haupo."

"Nipo, kaka."

"Ijumaa nataka kadi za moto. Huyu mzee wa saa nimbane kwenye kona, aseme mtoto alikwenda wapi. Hiyo ndiyo redio!"

Aliitikia kwa kichwa, akakubali. Ndiyo, yeye aliyejua mtoto alikwenda wapi alikubali. Usiku na mchana alijiambia kesho atasema, na kesho ilipofika ilikuwa leo.

Alhamisi, wakati mgeni wa siku hiyo, mwanamke refa wa mpira, akisimulia alivyorushiwa chupa za maji, Profesa alijikaza akaikunjua ile karatasi na kupiga namba.

"Halo?" ilisema sauti ya mama mtu mzima. Ilikuwa taratibu kweli, kama alivyosema dada wa mapokezi. Nyuma yake saa nyingi zilisikika, kila moja na mwendo wake. "Halo? Nani mwenzangu?"

Profesa akakata. Akabaki ameshika simu iliyokufa. Hakuwahi kumkatia mtu simu maishani mwake. Hata wale wauza bima aliwasikiliza mpaka mwisho.

Usiku huo hakuandika kadi ya njano hata moja.

Ijumaa fundi saa alifika saa moja na nusu, saa nzima kabla ya zamu yake. Desturi ya pale ni kwamba Profesa ndiye hukaa na mgeni chumba cha kungojea, humpa maji, humpitisha kwenye maswali asije akashtukizwa. Alimkuta mzee mfupi, safi, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata karatasi. Kwenye mfuko wa shati palijaa karatasi zilizokunjwa. Hakuja na kiti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Wewe ndiye mtangazaji?"

"Hapana, baba. Mimi naandaa tu."

"Aa. Namtafuta aliyekisoma kitabu changu. Sikuja kugombana." Alizitoa zile karatasi, za mistari, zimeandikwa pande zote mbili kwa kalamu ya risasi na kufutwa hapa na pale. "Nimekuja kumwonyesha hii. Unajua, nilipomsikia Jumanne, kwanza nilikasirika. Halafu nikafikiri, huyu ni msomi, anasoma vitabu kila wiki. Kama amepita kwenye sura ile na hakumwona mtoto wangu, basi kosa si lake. Mimi ndiye sikumwandika akaonekana. Mimi ni mtu wa saa, sentensi sizijui. Basi nimemwandika upya."

Profesa aliiweka chini glasi ya maji aliyokuwa akimpa.

"Mama yake hataki," mzee aliendelea, akizinyoosha karatasi gotini. "Tulipatana mara moja tu. Tangu Jumanne usiku nimeketi mezani naandika, na yeye hanisemeshi. Ananiwekea chai anaondoka. Lakini ningefanyaje? Nimwache mtoto hivyo hivyo, mji mzima unasema nilimsahau?"

Aliona nakala ya Profesa mezani, akaichukua kwa vidole vya kazi yake, vilivyozoea vitu vidogo. Aliiweka kiganjani na kuiachia ifunguke yenyewe. Ikafunguka ukurasa wa sitini na moja. Karatasi pale ilikuwa imelegea, na ukingoni kulikuwa na alama za kidole.

"Kinafungukia hapa," alisema polepole. "Kitabu kipya hufungukia kilikozoea."

"Ndiyo, baba. Tangu Jumanne." Profesa alipiga magoti. "Baada ya kipindi. Kabla ya hapo sikukifungua katikati. Nilisoma mwanzo na mwisho, nikaandika yale maneno. Mtangazaji alisoma kadi yangu tu. Hakuna msomi aliyepita kwenye sura yako asimwone mtoto, baba. Hakuna aliyepita."

Ukutani saa ya kituo ilikuwa ikienda, na mzee alikuwa akiitazama, au alikuwa akitazama mahali ilipokuwa.

"Kwa hiyo," alisema mwishowe, "sura haina kosa?"

"Haina kosa."

"Anaonekana?"

"Anaonekana, baba. Hata ile misumari juu ya shuka naiona nikifumba macho."

Alizikunja karatasi zake, mkunjo juu ya mkunjo, akazirudisha mfukoni na kukifunga kifungo. "Siku tatu," alisema. "Umenifanya nigombane na mama yake siku tatu kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwepo." Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa nafuu. "Inuka. Kamwambie mwenzako. Halafu uwaambie na waliosikia."

Jogoo alikuwa kwenye mapumziko ya habari, anakula andazi. Alimsikiliza huku andazi limesimama hewani.

"Dakika sita kabla ya mgeni? Tangu Jumanne unajua, unaniambia dakika sita?"

"Nilikuwa naogopa, kaka."

"Na sauti ni yangu! Mtaani wanaponiona wananiuliza, vipi yule mzee na kiti? Na mimi nacheka!" Aliliweka andazi chini. Alitazama kadi zisizoandikwa kitu, akafuta makombo midomoni, na alipozungumza tena sauti ilikuwa si ya redio. "Ile ya kuja na kiti haikuwa kwenye kadi yako."

"Haikuwa."

"Mm." Akavuta kiti cha pili karibu na kipaza sauti. "Keti hapo. Mimi nimeshasema ya kutosha."

Katika miaka miwili Profesa hakuwahi kusema neno hewani. Sauti yake nyembamba Waya alikuwa akiitania kuwa ni ya mbu aliyesoma chuo kikuu. Taa nyekundu ilipowaka aliona mkono wa Waya nyuma ya kioo ukipandisha kitufe cha kipaza chake, na safari hii Waya hakutania.

Alisema hivi, kwa ufupi, kwa kuwa asingeweza marefu: "Jumanne mlisikia hapa kwamba mwandishi wa kitabu hiki alimsahau binti yake. Maneno yale niliyaandika mimi. Sikuwa nimekisoma kitabu. Nilisoma mwanzo na mwisho. Binti yuko katikati, na nilikuwa mvivu wa kufika alipo. Yuko hapa baba yake. Namwomba radhi yeye na mama yake."

Jogoo alimgeukia mgeni. "Baba, una la kusema?"

"Sina," fundi alisema. "Asome. Ukurasa wa sitini na moja. Akisoma vibaya nitamwambia."

Profesa akasoma. Alisoma kurasa tano, na kila mstari alihisi macho ya mzee kwenye midomo yake. Mara moja tu alimkatiza: "Polepole hapo." Ilikuwa pale kwenye misumari. Alipofika *kisha umwache apumzike* alitua, akapandisha miwani, akamaliza. Jogoo, mtu anayeogopa ukimya wa redio kuliko njaa, aliuacha ukimya ukae.

Mlangoni wakati wa kuagana Waya alijitia ujasiri. "Mzee, hii saa yetu inakimbia dakika tatu. Ungetuangalizia..."

"Nne," mzee alisema. "Nimefunga duka." Alimpa Waya mkono, akampa Jogoo mkono. Kwa Profesa aliinamisha kichwa kidogo, akatoka, mkono mmoja umebonyeza mfuko wenye karatasi.

"Jumatatu mkuu wa kituo anatutaka sote wawili," Jogoo alimwambia Profesa, macho pembeni. "Njoo na daftari. Au njoo na barua yako ya kuacha kazi, sijui. Mimi mwenyewe sijui nije na nini."

Waya alichungulia. "Kionjo cha wiki ijayo nikate wapi?"

"Usikate popote," Profesa alisema. "Na kile cha Jumanne..."

"Nimeshakifuta. Ungeniambia ukweli siku ile, ningekifuta siku ile."

Saa tano kasoro dada wa mapokezi alimwita tena kwa kidole, na safari hii alimkabidhi simu yenyewe, mkono umefunika mdomo wa simu. "Yule mama."

Profesa alisikia saa zile nyingi, kila moja na mwendo wake.

"Ni wewe uliyesoma?" ilisema sauti.

"Ni mimi, mama."

"Na jana ni wewe uliyekata simu?"

"Ni mimi."

Mbali kidogo kikombe kiliwekwa juu ya kisahani.

"Umesoma vizuri," mama alisema. "Amefika nyumbani, kazitia zile karatasi jikoni motoni, ameniomba radhi. Yeye nimemsamehe, ni mume wangu. Wewe bado. Sikudanganyi, binti, bado. Nikiwa tayari nitapiga. Namba yenu ninayo."

"Nitasubiri, mama."

"Haya."

Alirudi mezani kwake. Kitabu cha wiki ijayo kilikuwa pale juu ya rundo, kinene, kuhusu ufugaji wa nyuki, na hakujua kama Jumanne atakuwapo kukiandikia kadi. Alichonga penseli. Alifungua ukurasa wa kwanza, akasoma, akafungua wa pili, akasoma. Kila simu ya mapokezi ilipolia aliinua kichwa, akasikiliza kama anaitwa, kisha akarudi kwenye mstari alioachia.